Kurekodi Sauti ya Mwimbaji kwa Rivebu Kwenye Rekoda ya Traki Nyingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu waimbaji, viongozi wa kwaya na vijana wenye studio za chumbani wanaotumia rekoda ya dijitali inayojitegemea, yaani ile isiyohitaji kompyuta, ambayo ina feda zake (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti), efekti zake na kadi yake ya kumbukumbu. Mifano ninayoirejelea ni Zoom R16, yenye traki 16 (njia ambazo kila moja huhifadhi sauti yake peke yake) na uwezo wa kurekodi milango 8 ya kuingizia sauti kwa wakati mmoja, na Tascam DP-24SD, ambayo nayo hurekodi milango 8 kwa pamoja. Ukiwa na rekoda ya kampuni nyingine, majina ya vitufe yatatofautiana, lakini njia ya sauti ndani ya mashine ni ileile kwa sehemu kubwa.

Rivebu ni nini, na ina tofauti gani na eko?

Mtaani neno eko limebebeshwa kila kitu, na MC wa harusi anaposema "niongezee eko" fundi mitambo hulazimika kukisia anataka nini. Mwangwi, yaani eko yenyewe, ni sauti inayorudi ikiwa nzima baada ya muda unaoweza kuuhesabu, kama mtu anayeita ukingoni mwa bonde akasikia jina lilelile likirudi. Rivebu ni marejeo mengi mno yanayofika yakiwa yamebanana, kiasi kwamba sikio haliwezi kutenganisha moja na jingine. Husikii neno likirudiwa, bali unasikia mkia unaofifia taratibu baada ya neno kwisha.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20, kwa hiyo ukisimama mita 3.5 kutoka ukutani, rejeo la kwanza litakufikia baada ya milisekunde 20 hivi. Sikio hulipokea rejeo la namna hiyo kama sehemu ya sauti yenyewe. Ndiyo maana watu hawasemi kwamba chumba kidogo kina mwangwi, ingawa maikrofoni inausikia vizuri sana.

Je, nirekodi sauti ikiwa na rivebu tayari, au niirekodi kavu?

Irekodi kavu. Rivebu ikishaingia ndani ya traki pamoja na sauti, haitoki tena. Hutaweza kuipunguza ubeti unapoanza kwa upole, wala kuibadilisha pale ala zitakapoongezwa na nafasi ndani ya wimbo kuwa finyu. Sauti kavu, kwa upande mwingine, inakubali rivebu yoyote leo, kesho au baada ya mwaka mmoja.

Hili nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi mwimbaji mmoja wa taarabu usiku, kwenye rekoda niliyokuwa nimeinunua wiki hiyohiyo, nikaweka rivebu ya ukumbi yenye mkia wa karibu sekunde 3, kwa sababu alipoisikia alitabasamu na akaimba vizuri kuliko siku zote. Asubuhi yake akaomba kubadilisha neno moja tu katika ubeti wa pili. Nilipomrekodi akiimba neno lile pekee, mkia wa neno lililotangulia ulikatika ghafla pale rekodi mpya ilipoanzia, kama mtu aliyefungiwa mlango usoni, na mkia wa neno jipya nao ukakatika liliporudi neno la zamani. Tukarudia ubeti mzima, kisha wimbo mzima, na ile raha ya usiku haikupatikana tena. Kama ningerekodi kavu, kazi ile ingekuwa ya dakika tano, kwa sababu rivebu ingetengenezwa upya juu ya sauti iliyokwisha kuunganishwa na mkia ungepita juu ya kiungo bila mtu kujua.

Nakubali vighairi viwili. Kwanza, kama unarekodi katika jengo lenye sauti nzuri na unachotaka ni jengo lenyewe, hapo rivebu ni sehemu ya uimbaji na huna sababu ya kuikimbia. Pili, kama efekti ndiyo inayoongoza namna mwimbaji anavyoimba, kwa mfano anasubiri mkia ufe ndipo aanze mstari unaofuata, unaweza kuirekodi, lakini hata hapo iweke kwenye traki yake ya pembeni na sauti kavu ibaki kwenye traki yake. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri hawakuwa na traki ya pembeni. Kilichoimbwa ndicho kilichobaki. Sisi tunazo traki 16, na sioni fahari yoyote katika kujinyima.

Mwimbaji wangu anasema hawezi kuimba bila kusikia rivebu kwenye hedifoni. Nifanye nini?

Mpe. Madai yake ni ya haki, kwa sababu sauti kavu ndani ya hedifoni humfanya mtu ajisikie kama anaimba ndani ya kabati la nguo, na mwimbaji aliyebanwa hukaza koo. Jambo la kuelewa ni kwamba kile anachokisikia na kile kinachorekodiwa si lazima viwe kitu kimoja, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Ndani ya rekoda kuna njia mbili za kuitia sauti rivebu. Ya kwanza ni insati: efekti inakaa katikati ya njia ya sauti, na yote yanayopita yanabadilika. Insati ikiwekwa kwenye mlango wa kuingilia, kwa kawaida sauti inafika kwenye kadi ikiwa imekwisha kubadilishwa. Njia ya pili ni sendi: sauti kavu inaendelea na safari yake kama ilivyo, ila nakala yake inachepushwa kwenda kwenye rivebu, na rivebu ile inarudi kuungana na mchanganyiko wa mwisho, ule unaokwenda kwenye spika na hedifoni. Traki inarekodi sauti kavu. Masikio yanapata vyote viwili. Zoom R16 ina insati pamoja na sendi mbili, moja ya mwangwi na ya korasi (efekti inayofanya sauti moja isikike kama za watu kadhaa), na nyingine ya rivebu, na kwa ajili ya hedifoni za mwimbaji unayoitaka ni hiyo sendi ya rivebu.

Kwa hiyo chomeka maikrofoni, hakikisha insati imezimwa au haina rivebu ndani yake, fungua ukurasa wa sendi wa chaneli ile, kisha pandisha kiwango cha sendi huku mwimbaji akiimba ubeti mzima. Simama pale anapoanza kusahau hedifoni. Usimwachie apandishe mwenyewe hadi mwisho, kwa sababu mkia mrefu unaacha noti iliyopita ikining'inia juu ya noti anayoiimba, na nimeona waimbaji wenye masikio mazuri wakianza kupotea kwenye noti bila kujua kwa nini. Akiendelea kulalamika, mwambie asogeze upande mmoja wa hedifoni nyuma ya sikio ili asikie koo lake mwenyewe. Mara nyingi malalamiko huishia hapo.

Nitajuaje kwamba rekoda imerekodi kavu kweli?

Usiamini skrini; fanya jaribio. Rekodi neno moja fupi na kali, kwa mfano "pa!", kisha nyamaza kwa sekunde tano. Rudisha mwanzo, shusha sendi zote za rivebu hadi sifuri, zima insati, na usikilize. Ukisikia "pa" ikifuatiwa na ukimya, uko salama. Ukisikia mkia, ama insati ilikuwa kwenye njia ya kurekodi, ama mkia huo ni wa chumba chako, na kuyatofautisha haya mawili ni rahisi: zima efekti zote kabla ya kurekodi na urudie jaribio. Mkia ukibakia, mwenye kosa ni chumba.

Chumba changu kina kuta za saruji na sakafu ya vigae. Je, rivebu ya rekoda itaficha sauti yake?

Haitaificha, itaizidisha. Naligusia jambo hili karibu kila ninapoulizwa kwa nini rivebu fulani "haivutii," kwa sababu mara nyingi rivebu haina kosa lolote. Sauti yenye chumba kibaya ndani yake ikipelekwa kwenye rivebu ya ukumbi, kinachotokea ni ukumbi unaocheza rekodi ya chumba kibaya: sauti ya boksi, na ile milio mikali ya kati inayojirudiarudia baina ya kuta mbili zinazotazamana.

Dawa yake ilijulikana zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanafizikia Wallace Clement Sabine alitakiwa kurekebisha ukumbi mmoja wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambao sauti ilikuwa ikikaa ndani yake zaidi ya sekunde 5. Aliazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akawa anaiingiza usiku kwa mafungu na kupima sauti inavyokufa haraka kadiri mito inavyoongezeka. Kutokana na kazi hiyo tukapata kipimo tunachokitumia hadi leo, yaani muda unaohitajika ili sauti ishuke kwa desibeli 60, ambao ndio muda wa kufifia unaouona kwenye ukurasa wa rivebu wa rekoda yako.

Wewe huhitaji mito ya ukumbi mzima. Simamisha godoro la sponji nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi kinachotoka mbele yake, na mbele yake ni mwimbaji pamoja na ukuta ulio mgongoni mwake. Ning'iniza mablanketi mazito pembeni, yakiwa yameachana kidogo na ukuta, na utandike zulia au mkeka mnene sakafuni. Kanga moja iliyotundikwa ukutani inapendeza lakini inagusa sauti za juu kabisa tu. Kuhusu trei za mayai, ambazo bado naziona zimebandikwa katika studio nyingi, zina faida ndogo mno: ni nyembamba na nyepesi, na sauti za chini na za kati zinazosumbua chumbani hupita kana kwamba hazipo. Kabati lililojaa nguo likiachwa wazi nyuma ya mwimbaji linafanya kazi kubwa kuliko trei mia.

Zima feni. Najua joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari, na najua ninachokiomba, lakini mngurumo wa feni ukishaingia kwenye traki utapata nao rivebu yake. Rekodi ubeti mmoja mmoja, fungua mlango mpumue, kisha endeleeni. Bati likipigwa na mvua hakuna la kufanya ila kunywa chai.

Maikrofoni iwe umbali gani, na geini iwe kiasi gani?

Sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni zinatosha kwa waimbaji wengi. Ukisogea karibu zaidi, maikrofoni za aina ya kadioidi, yaani zile zinazosikia zaidi upande wa mbele, huongeza besi, jambo linalofaa kwa sauti nyembamba lakini huifanya rivebu iwe na ukungu. Ukisogea mbali, chumba kinaingia. Weka kichujio cha pumzi mbele ya maikrofoni, na soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya waya wa duara inafanya kazi hiyo bila gharama. Maikrofoni ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye rekoda, na si kila mlango unao: kwenye Zoom R16, kwa mfano, ni milango miwili tu inayoutoa. Maikrofoni ya dainamiki, kama Shure SM58, haiuhitaji, na katika chumba ambacho hakijatengenezwa naipendelea kuliko kondensa ya bei rahisi, kwa sababu haichukui kila kitu kilichomo chumbani.

Geini, yaani nguvu ambayo rekoda inaiongezea sauti inapoingia, iwekwe mwimbaji anapoimba sehemu yake ya juu kabisa, si anapohesabu "moja, mbili, tatu." Vilele vya sauti kwenye mita ya rekoda vikicheza kati ya desibeli -12 na -6 umefanya vyema. Rekodi kwa biti 24 ikiwa rekoda inaruhusu, kwa kuwa hapo una nafasi ya kutosha kuwa na tahadhari bila kuokota kelele. Sauti iliyopasuka kwa kuzidi sifuri haiponi, na rivebu hutangaza mpasuko ule mara ya pili.

Rekoda ina rivebu za ukumbi, chumba, bamba na springi. Nichague ipi?

Majina haya yanatokana na vitu halisi, na ukijua vilikuwa nini utachagua kwa urahisi. Kabla ya mashine, studio zilitumia vyumba vitupu vyenye kuta ngumu: spika inawekwa upande mmoja, maikrofoni upande wa pili, na sauti inapelekwa mle na kurudishwa. Mwaka 1947 huko Chicago, fundi wa kurekodi Bill Putnam alitumia bafu la studio kama chumba cha mwangwi katika rekodi ya kundi la Harmonicats, na tangu hapo wengi walifuata. Kisha mwaka 1957 ilikuja EMT 140 kutoka Ujerumani, bamba kubwa la chuma lililoning'inizwa ndani ya fremu na kutikiswa na sauti, lote likiwa na uzito wa kilo mia mbili na ushee. Springi zilienea kwa sababu zinaingia ndani ya kinanda au amplifaya ya gitaa. Rivebu ya dijitali ya EMT 250 ilitoka mwaka 1976, na kilichomo ndani ya rekoda yako ni kitukuu chake.

Kwa sauti ya mwimbaji anayeongoza mimi huanza na bamba. Bamba halina kuta, kwa hiyo halimweki mwimbaji mahali popote panapojulikana. Linaipa sauti mng'aro na mkia mnene bila yale marejeo ya mwanzo yanayoelezea ukubwa wa chumba. Ukumbi unafaa nyimbo za polepole zenye nafasi baina ya maneno, na unafaa kwaya. Chumba kifupi, chini ya sekunde moja, kinafaa Bongo Fleva ya maneno mengi, ambapo unataka msikilizaji ahisi kuna nafasi bila kuusikia mkia wenyewe. Springi iachie gitaa, isipokuwa unatafuta ladha ya makusudi.

Nianze na namba gani kwa muda wa kufifia na muda wa kuchelewa?

Muda wa kufifia uusikilize baina ya mistari. Mkia unapaswa kuwa umekaribia kufa mwimbaji anapoanza mstari unaofuata. Ukiwa bado una nguvu, utafunika konsonanti ya kwanza. Kwa mwendo wa kawaida, sekunde 1.2 hadi 1.8 ni pa kuanzia, na kwa wimbo wa taratibu unaweza kufika sekunde 2.5.

Muda wa kuchelewa, yaani pengo baina ya sauti kavu na mwanzo wa rivebu, hupuuzwa na watu wengi, nami nauona ndio kitufe chenye thamani kuliko vyote katika ukurasa ule. Ukiwa sifuri, rivebu inaanza pamoja na neno na kuligandamiza, hivyo mwimbaji anasikika yuko mbali. Ukiwa milisekunde 20 hadi 40, neno linatoka kwanza likiwa safi, kisha nafasi inafunguka nyuma yake. Mwimbaji anabaki karibu na msikilizaji ingawa ukumbi ni mkubwa. Unaweza kuuoanisha na mwendo wa wimbo: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika upate milisekunde za pigo moja, kisha uendelee kugawanya kwa mbili hadi ufike namba ndogo. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una milisekunde 600 kwa pigo, halafu 300, 150, 75 na 37.5. Weka 37 au 38 usikilize kama mkia unakaa ndani ya mdundo.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na irabu ndizo zinazolisha rivebu, kwa hiyo sauti inayoimba Kiswahili hujaza ukumbi haraka. Ukichukua mpangilio wa kiwandani ulioandikwa kuwa wa vokali, yaani wa sauti ya mwimbaji, jaribu kwanza kuupunguza muda wake kwa robo kabla hujagusa kitu kingine.

Maneno hayasikiki vizuri tangu niweke rivebu. Je, niipunguze tu?

Kabla ya kuipunguza, ichuje. Besi ndani ya rivebu haimsaidii mwimbaji. Inagombana na ngoma na gitaa la besi. Sauti za juu sana nazo hufanya kila "s" na "sh" iruke na kuacha mvumo wa maji yanayochemka, na katika lugha yenye "sisi," "shida" na "siku" nyingi kama yetu, kero hiyo haikawii kuonekana. Katika studio za Abbey Road, London, kulikuwa na desturi ya kukata kila kilicho chini ya hezi 600 na juu ya hezi 10,000 kabla sauti haijaingia kwenye rivebu, na desturi hiyo inafaa hadi sasa. Rekoda yako ikiwa na vitufe vya besi na trebo ndani ya ukurasa wa rivebu, vishushe vyote viwili. Ikiwa havipo, nakili traki ya sauti kwenye traki nyingine, ikate besi na trebo kwa ikwalaiza ya traki hiyo ya pili, na sendi ya rivebu itoke hapo peke yake. Utahitaji sendi inayochukua sauti kabla ya feda, ili feda ya nakala ikae chini kabisa na kinachosikika kiwe rivebu pekee.

Baada ya hapo ndipo upime kiasi. Shusha sendi hadi sifuri, ipandishe polepole ala zote zikicheza, na ukifika pale unapoanza kuitambua rivebu, rudi nyuma kidogo. Kisha izime ghafla: sauti ikionekana imepoa na kusogea usoni mwako, kiasi kilikuwa sahihi.

Kompresa iwe kabla au baada ya rivebu?

Kabla. Kompresa hupunguza tofauti baina ya sauti kubwa na ndogo; ikiwa baada, kila mwimbaji anapovuta pumzi kompresa itaupandisha mkia, na rivebu itakuwa inahema pamoja naye.

Rekoda yangu ina rivebu moja tu, lakini nataka bamba kwa mwimbaji na ukumbi kwa waitikiaji.

Kwa rekoda zinazoweza kubaunsi, yaani kurekodi upya mchanganyiko unaousikia kwenye traki tupu, hili linawezekana bila kununua chochote. Zima traki zote isipokuwa za waitikiaji, weka rivebu ya ukumbi, sikiliza mara kadhaa na wimbo mzima ili uwe na uhakika, kisha baunsi kwenye traki mbili tupu za stereo. Usisahau kuacha sekunde chache mwishoni ili mkia wa mwisho ufe wenyewe. Sasa waitikiaji wana ukumbi wao, nawe unaweza kubadilisha rivebu kuwa bamba kwa ajili ya mwimbaji anayeongoza. Traki za awali za waitikiaji zinyamazishwe tu, zisifutwe. Ikiwa sendi ya rekoda inachukua sauti kabla ya feda, ni bora zaidi kushusha feda zao na kubaunsi rivebu peke yake, kwa sababu utaweza kurekebisha kiasi chake hadi dakika ya mwisho.

Narekodi kwaya ya watu 20. Je, kila sauti ipate rivebu yake?

Hapana. Kwaya ni kundi lililosimama mahali pamoja, na sikio linataka kusikia mahali hapo pamoja. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zote zipelekwe kwenye rivebu ileile kwa sendi tofauti kidogo: besi zipate kidogo zaidi ya nusu ya kile unachowapa soprano, kwa sababu iliyoelezwa juu kuhusu besi. Kama kanisa lenyewe lina sauti nzuri, tumia milango miwili ya ziada kuweka jozi ya maikrofoni mbali na kwaya, mita tano au sita, na uzirekodi kwenye traki zao. Hiyo ni rivebu ya bure, na hakuna mpangilio wa kiwandani utakaoishinda. Geini ya jozi hiyo ijaribiwe pale kwaya nzima inapoimba kwa nguvu.

Na kaswida?

Masikio ya wasikilizaji wa kaswida yamezoea mkia mrefu pamoja na mwangwi unaorudia mwisho wa mstari, na si kazi yangu kuwabishia. Tumia vyote viwili, lakini mwangwi uutengee sendi yake na uupandishe kwa mkono mwishoni mwa mistari tu. Ukiuacha wazi muda wote, matamshi yataingiliana, na katika maneno ya Kiarabu urefu wa irabu unabadilisha maana.

Nimekwisha kurekodi na rivebu ndani. Inaweza kutolewa?

Ndani ya rekoda, hapana. Zipo programu za kompyuta zinazojaribu kuipunguza, na huacha alama zake kwenye sauti. Ukimpata mwimbaji, rekodi upya.

Nimiksi kwa hedifoni au kwa spika?

Kiasi cha rivebu kiamue kwa spika, kwa sauti ya chini. Hedifoni hukuonyesha kila tone la mkia, hivyo utaweka kidogo mno. Lakini ndizo zinazofaa kukagua makosa, kama viungo vilivyokatika na pumzi zilizobaki. Mwisho cheza wimbo kwenye simu. Spika ya simu nyingi haitoi besi wala stereo ya maana, na rivebu iliyokuwa pana kwenye hedifoni inaweza kugeuka kuwa tope katikati ya sauti ya mwimbaji. Ikiwa maneno bado yanaeleweka pale, yataeleweka pia kwenye daladala.

Nihifadhi nini kazi ikiisha?

Hifadhi mradi mzima, si wimbo uliokamilika peke yake. Traki moja ya mono ya biti 24 kwa hezi 44,100 inachukua takriban megabaiti 8 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye traki 16 ni karibu megabaiti 510, kiasi ambacho kadi ndogo inakimudu. Nakili folda yote ya mradi kwenye kompyuta au diski ya nje kabla hujaisafisha kadi, na uandike pembeni kwa kalamu jina la rivebu uliyotumia, muda wa kufifia, muda wa kuchelewa na kiwango cha sendi ya kila traki. Mteja akirudi baada ya miezi sita akitaka toleo la kuimbia harusini, lisilo na sauti yake, utazima traki moja, na karatasi ile itakurudishia wimbo kama ulivyouacha.